Udongo Tasa

Kazini walimwita Mama Chekeche, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Lilianza kama utani. Udongo wote uliotoka shimoni ulimwagwa mbele yake, kwenye chekeche la wavu lililoning'inizwa kwa kamba katikati ya miti mitatu, naye akalitikisa mpaka vumbi likashuka na juu yakabaki mawe, mizizi na, siku za bahati, kigae cha chungu cha watu waliokufa zamani. Siku moja mchimbaji mmoja, yule waliyemwita Sabuni kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona msafi, alipaza sauti kutoka shimoni: "Mama Chekeche, mwanao analia huko, hebu mbembeleze!" Wote wakacheka. Yeye pia akacheka, kisha akageuka pembeni akajifuta macho, akalisingizia vumbi. Umri wake ulikuwa wa kuitwa bibi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita mama wa kitu chochote.

Maana huko ukweni walikuwa na neno lao. Walimwita tasa. Mume wake, fundi mwashi, hakulitamka hata siku moja, Mungu amrehemu, lakini ndugu zake walilitamka kwa niaba yake, tena kwa sauti, tena wakiwa wamekaa mbele ya chakula alichokipika mwanamke huyohuyo. Mtu anamaliza sahani, anajilamba vidole, halafu anakuita tasa. Fundi alipofariki, shemeji mtu alikuja na maneno ya kumrudisha kwao. Aliyemziba mdomo ni mama mkwe. Bibi yule alikuwa amekwisha pofuka, lakini alisimama katikati ya sebule, akauelekeza uso wake pale pale alipokaa mwanawe, akasema: "Tasa ni huo mdomo wako usiozaa neno jema hata moja. Huyu ni mwanangu. Na neno hilo nisilisikie tena ndani ya nyumba hii."

Halikusikika tena. Wakabaki wawili, mkwe na mkwe, wakizeeka pamoja.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kusifiwa. Fundi aliijenga kidogo kidogo, kwa matofali aliyobakiza kwenye kazi za watu, kwa hiyo kila ukuta ulikuwa na sura yake: huu una tofali jembamba, ule una tofali nene, pale fundi alichoka akapiga lipu nusu nusu na kuahidi kumalizia kesho. Mgeni aliona ovyo. Mama mkwe aliona njia. Vidole vyake vilikuwa vimeisoma nyumba nzima kwa miaka. Alijua lipu likikwisha anakaribia mlango wa jikoni, tofali lililotokeza linamwambia kuna ngazi, na pale kwenye kona ya ukumbi palikuwa na mtungi mkubwa wa maji, wa bibi yake mzaa mama, ambao akishauweka mkono shingoni anajua ageuke kulia. Mtungi huo uliwahi kupata ufa, na fundi akaupiga kiraka cha saruji. "Saruji yangu haiachii, mama," alijigamba. Ndani ya nyumba hiyo bibi hakuwa kipofu. Alipika chai, alianika nguo, aligombana na kuku. Nje ya geti hakuweza kwenda hatua moja bila kushikwa mkono.

Sasa barabara kuu ilikuwa inakuja, njia sita, na nyumba ilikuwa katikati yake.

Kabla ya matingatinga walikuja watu wa mambo ya kale. Sheria iliwataka wachimbe kwanza, waone kama kuna kitu cha maana kabla hakijafukiwa na lami. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kofia pana, ambaye watu wote walimwita Daktari, na mtaa mzima ulimcheka: daktari gani huyu anayetibu watu waliokwisha kufa? Lakini Mama Chekeche hakucheka. Alikwenda kuomba kazi siku ya kwanza kabisa, na sababu yake hakuificha.

"Daktari, mkikuta kitu kikubwa, barabara itapita wapi?"

"Itazunguka kilima kwa upande wa pili. Kule hakuna nyumba," alisema Daktari. "Lakini usijipe moyo sana, mama. Vigae peke yake havisogezi barabara. Tumeona dalili za sakafu moja ya udongo. Nahitaji ya pili chini yake, ya kale zaidi, nionyeshe kwamba watu waliishi hapa, wakaondoka, wakarudi. Nikiipata, nitapigana."

Basi mwanamke akashika chekeche, na kila ndoo iliyomwagwa mbele yake aliipokea kwa dua. Udongo ulikuwa umelala tabaka juu ya tabaka: juu takataka za juzi, chini yake majivu na vigae, chini yake ile sakafu ya kwanza iliyoshindiliwa. Na chini yake? Hapo ndipo siku moja, kwenye shimo la kwanza, Daktari alipokwangua udongo wa manjano kwa mwiko wake, akautazama, akasimama na kusema: "Basi. Huu ni tasa."

Chekeche liliponyoka mikononi likabaki likibembea peke yake. Sabuni, aliyezaliwa mtaa huo na kuyajua yote, akainamisha kichwa. Daktari hakujua kitu, akaendelea kufundisha: "Udongo tasa ni ule usio na alama ya mtu. Hauna kigae, hauna majivu, hauna mfupa. Ukishaufikia, huna cha kutafuta tena. Unafunga shimo."

Jioni alimsimulia mama mkwe, akijitahidi kuifanya ichekeshe. Bibi alisikiliza, mikono magotini. "Na udongo nao," alisema mwishowe, "umewakosea nini, maskini?" Tangu siku hiyo, kila jioni aliuliza habari za kazi, lakini neno lile alilizunguka. "Leo mmeufikia ule udongo wenu?" "Bado, mama." "Alhamdulillahi. Chimbeni polepole."

Hawakuchimba polepole vya kutosha. Shimo la pili likafungwa. Likabaki la tatu, lililokuwa nyuma ya choo chao, karibu kiasi kwamba bibi akiwa jikoni alisikia miko ikikwaruza. Huko nako, mchana mmoja wa jua kali, udongo wa manjano ukatokea, kwanza kwenye pembe moja, kisha shimo zima. Mhandisi wa barabara alikuwepo, bwana mmoja wa buti nzito ambaye hakuwa mbaya, ila alikuwa na haraka. Alichungulia shimoni. "Tasa?" aliuliza, maana hata yeye neno hilo alikuwa amelizoea.

"Tasa," alijibu Daktari kwa unyonge. "Kesho tunakwangua mara ya mwisho, tunapiga picha, tunafunga."

Mama Chekeche alirudi nyumbani. Mlangoni alimkuta mama mkwe akitembea ukumbini, vidole ukutani, akiimba kitu chini kwa chini. Alimtazama akifika kwenye mtungi, akiuwekea mkono shingoni, akigeuka kulia. Safari ya kawaida kabisa ya kwenda kufunga dirisha. Mwanamke akakaa chini palepale kizingitini. Huyu alimkingia kifua dunia nzima ilipomkataa, na sasa wanakuja kumfumba macho mara ya pili.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alfajiri, bibi akiwa bado amelala, alichukua jiwe na msumari akamegua kipande kwenye mdomo wa mtungi, pale penye ule ufa wa zamani palipokuwa rahisi kumeguka. Kilikuwa kigae kizuri, cheusi kwa uzee, chenye mistari iliyochorwa kabla hakijachomwa. Kulikuwa na saruji ya marehemu imekishika upande mmoja. Aliikwangua kwa msumari, akaikwangua tena, akakisugua kigae kwa udongo wa manjano aliouleta ndani ya khanga, mpaka akaona hata aliyekifinyanga asingekitambua.

Alipokuwa anatoka, bibi alikuwa ameamka na mkono wake uko shingoni mwa mtungi. "Mwanangu, mtungi umeumia."

"Niliugonga na ndoo, mama."

"Pole yake." Bibi akalipapasa pengo, akacheka kidogo. "Si neno. Umenitengenezea mahali pa kuweka kidole."

Hakuwahi kumdanganya bibi yule kabla ya hapo. Alikwenda kazini, kigae kikiwa ndani ya khanga, na ndoo ya pili ya udongo wa chini kabisa ilipomwagwa, akalitikisa chekeche, akakidondosha kigae, akapiga kelele. Kelele zilikuwa za kweli, ila sababu ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Daktari alikuja mbio mpaka kofia ikamwanguka. Alikigeuza kigae, akatazama shimo, akatazama kigae. "Ndani ya udongo tasa?" alisema. "Haiwezekani. Basi si tasa! Ni tope la mafuriko, limefunika kitu. Chimbeni!" Mhandisi akapiga simu kwa hasira, akapata jibu la kumwongezea Daktari siku chache, na Sabuni akateremka tena.

Na hapa ndugu msomaji ananiuliza: si ndiyo yale yale, watachimba wasikute kitu? Wangekosa kila kitu ningekuwa na kisa chepesi. Walipovunja ule udongo wa manjano, mwiko wa Sabuni uliingia kwenye majivu. Majivu meusi, laini, yenye mifupa midogo ya samaki. Kisha mafiga matatu, yamekaa kama mama mwenye nyumba alivyoyaacha. Kisha sakafu, imeshindiliwa ngumu, na pembeni yake mashimo ya nguzo, moja baada ya jingine, yakizunguka kufuata ukuta wa nyumba ya mviringo. Sakafu ya pili. Ilikuwepo muda wote, chini ya udongo waliouita tasa.

Daktari alipiga magoti shimoni akalia waziwazi. Kisha akapanda, akamkumbatia Mama Chekeche mbele ya watu. "Bila kile kigae chako tungeifukia. Unasikia? Tungeifukia na kwenda zetu."

Mwanamke alisimama akiwa ameshikwa mabega, furaha na hofu vikigombania pumzi yake. Je, ni uongo kweli, kitu kinachokupeleka kwenye haki? Alijiambia si uongo. Alijiambia kigae kilikuwa kama mtu anayebisha hodi tu. Jioni alimshika bibi mikono yote miwili akamwambia nyumba imepona, na bibi akazunguka vyumba vyote, akigusa kila ukuta, akiuambia kila ukuta habari hiyo.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii haikufika hata wiki.

Siku ya kikao cha kuamua njia ya barabara walikaa chini ya turubai kando ya shimo: wakubwa wa barabara, wakubwa wa mambo ya kale, mhandisi, Daktari na wachimbaji wake nyuma. Mezani vitu vilipangwa juu ya kitambaa cheupe, na kigae kile kikapewa nafasi ya katikati, kimeoshwa kwa brashi kikang'aa. Daktari alizungumza vizuri. Wakubwa walitikisa vichwa kukubali, mmoja akaanza kuulizia ule upande wa pili wa kilima. Kigae kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kikamfikia mhandisi, ambaye alikichukua kwa adabu tu, kama mtu anavyopokea picha ya mtoto wa mwenzake. Akakigeuza. Akakisogeza karibu na macho. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wake.

"Mimi vigae sivijui," alisema taratibu. "Lakini hii naijua, ndiyo kazi yangu. Hii ni saruji."

Wote wakainama kutazama. Kwenye tundu moja dogo la kigae, ambalo msumari haukufika, ilikuwepo punje ya kijivu, imeng'ang'ania. Saruji ya fundi haikuwa imeachia.

"Watu wa kale hawakuwa na saruji ya mfuko, Daktari. Kwa hiyo ama udongo huu umevurugwa juzi, na hiyo sakafu yako ni ya juzi, ama kuna mtu amekiweka."

Daktari alikichukua kigae, akakitazama. Mama Chekeche alimwona akigeuka, akiwatazama wachimbaji mmoja mmoja, na akajua akinyamaza sakafu itaitwa ya juzi. Akaona afadhali aseme, kigae kife peke yake, sakafu ipone. Akasogea mbele.

"Kigae ni changu. Kimetoka kwenye mtungi wa nyumbani kwangu. Nimekitia mimi, kwa mkono huu. Lakini majivu sikuyatia mimi, mabwana. Mafiga, mashimo ya nguzo, yale ni ya kweli. Wallahi ni ya kweli. Nitayatoa wapi mimi majivu ya namna ile?"

"Kigae ulikitoa wapi?" aliuliza mmoja wa wakubwa.

"Nimesema, nyumbani."

"Nyumba ipi?"

Akanyoosha kidole. Haikuwa mbali. Ilikuwa ile pale, nyuma ya choo, na mlangoni alisimama bibi kipofu, uso wake umeelekea kwenye sauti. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mkubwa yule akafunga jalada lake. "Anayekiri kuiba kuku mmoja," alisema, "nani atamwamini akisema mayai hakuyagusa?"

Daktari alipigana, hilo tusimnyime. Aliomba majivu yapelekwe maabara yakapimwe umri. Aliambiwa muda wa kupima ulikwisha, na ule wa nyongeza ulipatikana kwa udanganyifu. Wakubwa walisema shimo la tatu lifutwe kwenye taarifa, lote, kigae na sakafu. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba huingia na mtu mwingine amemshika mkono.

Watu walipotawanyika, Daktari alibaki akikunja kitambaa cheupe. Hakupaza sauti. "Ungeniomba tu nichimbe zaidi," alisema.

"Ungekubali?"

Daktari alifikiri. Alikuwa mkweli, na pengine hilo ndilo lililouma zaidi. "Hapana," alisema. "Ningekuambia ni tasa."

Tingatinga lilikuja asubuhi, baada ya watu kunywa chai. Sabuni alikuja kusaidia kubeba vitu, akiwa ameoga siku hiyo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtania. Shemeji mtu naye alikuja, kwa kuwa kiwanja kilikuwa kwa jina la baba yao, yeye na marehemu fundi, na fidia ilikuwa yake. Alisema atawapangia chumba, na akawapangia. Kidogo alichokisema hakikuwa na baraka. Mtungi aliutupia kwenye lori juu ya magodoro, ukabingirika, ukagonga bodi. Walipofika, vipande vilikuwa vimejaa kila mahali. Kilichobaki kizima ni kiraka cha saruji, na ukingo mdogo wa mtungi umeshikana nacho.

Chumba kilikuwa kipya. Kila aliyekiona alikisifu. Kuta zilipigwa lipu laini na rangi ya mafuta, sakafu ilikuwa ya vigae vinavyoteleza, vile vya dukani, vyote sawa. Bibi aliketishwa kitandani. Siku ya kwanza alisema amechoka na safari. Siku zilizofuata aliinuka, akauweka mkono ukutani, akaupeleka mbele, na mkono ukateleza tu, haukukuta tofali jembamba wala nene, haukukuta mahali fundi alipochoka. Alifika kwenye kona asijue ni kona ipi. Aliita, "Mwanangu, mlango uko wapi?" Akashikwa, akapelekwa. Akirudi, aliuliza tena. Baadaye akaacha kuinuka.

Mama Chekeche hakuwa na kazi tena, kwa hiyo alikuwepo muda wote, akitazama. Alikuwa amemweleza yote, kigae, msumari, uongo wa ndoo, akitegemea walau agombezwe. Bibi hakumgombeza. Alisema tu, "Kumbe kidole changu kilikuwa pale pale ulipomegua."

Mchana mmoja bibi alijaribu tena. Alizunguka chumba kizima, kiganja ukutani, polepole, jinsi Daktari alivyokuwa akikwangua udongo akitafuta alama. Alizunguka mpaka akagonga goti kwenye kitanda kilekile alichoondokea. Mkono ukaanguka.

"Hapa hapana kitu, mwanangu," alisema kwa uchovu. "Chumba hiki ni tasa."

Neno likabaki hewani. Halikuwa limetoka kwenye kinywa kile tangu siku alipomziba shemeji mdomo, na bibi mwenyewe alilisikia baada ya kulitamka. Uso wake ukabadilika. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akipapasa hewa, akimtafuta.

"Nimesema chumba," alisema. "Mwanangu, uko wapi? Nimesema chumba."

"Najua, mama," alisema mwanamke. Alikuwa amesimama karibu na mlango, na ilimchukua muda kabla hajaweza kusogea ili ashikwe.